Bunduki ya kupimia joto na Deutz iliyokuwa inachemsha silinda moja (uzoefu wangu)

Nianze na jibu kabisa, hii bunduki ya joto ya infraredi inafaa, ila inafaa KULINGANISHA, sio kukwambia joto kamili, na ukiilenga kwenye chuma kinachong'aa itakudanganya mchana kweupe.

Mashine yetu iko Kitere huku Mtwara vijijini, tunakoboa mpunga wa bondeni. Injini ni Deutz F3L912, silinda tatu, haina rejeta wala maji, inapozwa na upepo wa feni basi. Ilitoka kufumuliwa kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja, ikarudi inaunguruma vizuri tu, ila ikishika mzigo kidogo inaanza kutoa harufu ya kuungua na nguvu zinashuka, mpunga unarudi nusu haujakobolewa na wateja wamejipanga na viroba vyao wanakuangalia. Geji ya joto imetulia kwenye kijani muda wote. Na hapo ndo watu wengi wanapigwa, maana kwenye injini yetu sensa ya geji imefungwa kwenye kichwa cha silinda moja tu, zingine mbili zinaweza kuungua na geji isijue. Fundi ukimpigia anasema "bosi hiyo mpya, inajizoeza, ipe muda".

Muda gani sasa, mpaka inoki?

Ndo nikachukua hii bunduki Mtwara mjini, ni hizi za kawaida za Mchina, inasoma mpaka digrii 380 na ina taa ya leza. Angalia tu usiuziwe ile ya kupima watu kwenye paji la uso iliyobaki enzi za Korona, ile ikivuka arobaini na kitu inaandika HI na kukuachia hapo hapo.

Mara ya kwanza naipiga kwenye vichwa vya injini inaniambia 60 na kitu wakati tone la maji likidondokea pale linaruka na kupotea. Tatizo ni aluminiamu, ikiwa safi inang'aa haitoi mionzi ya joto vizuri, na bunduki za bei hii zimeshasetiwa kiwandani kwa kitu cheusi kisichong'aa, huwezi kubadilisha. Dawa yake nilipaka doa la rangi nyeusi ya ekzosti, ile ya kuvumilia joto isiyo na mng'ao, upana wa sarafu ya mia mbili, sehemu ile ile kwenye kila kichwa. Hapo sasa ikaanza kuongea lugha moja. Halafu sogea karibu, yangu ina uwiano wa 12 kwa 1, yaani ukiwa sentimita 12 inasoma eneo la sentimita 1, ukikaa mita nzima unapima mpaka bati la pembeni na ekzosti na kila kitu. Na ile nukta nyekundu ya leza ukiwa karibu inakaa pembeni kidogo ya pale inapopima kweli, kwahiyo usiiamini sana.

Injini ikiwa kwenye mzigo, silinda ya pili na ya tatu zinacheza 130 hivi, ya kwanza inaenda 175 na bado inapanda (Deutz anahesabu kuanzia upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa injini, msichanganye). Sasa silinda moja kuchemka kuna njia mbili, ama inachoma dizeli kupita wenzake ama haipati upepo. Tukabadilishana nozeli, zile za kupulizia dizeli ndani ya silinda, ya kwanza ikaenda ya tatu na ya tatu ikaja ya kwanza. Joto halikuhama, likabaki kwa namba moja vile vile. Nozeli ikawa imeshajitetea, tukabaki na upepo.

Wazo la kukomaa na upepo nililipata kwa wale jamaa wa Marekani wanaojitengenezea ndege ndogo majumbani. Injini zao nyingi ni Lycoming silinda nne na zinapozwa na upepo kama hii yetu, na ugomvi wao mkubwa ni huu huu, silinda moja kuchemka kuliko wenzake. Kichwa cha silinda cha hizo Lycoming mwisho wake kabisa ni digrii 260, na kiwanda kinataka isivuke 224 kama unataka injini idumu. Wao kila silinda ina sensa yake, na kabla hawajagusa kabureta wanakagua kwanza mabati ya kuongozea upepo, mianya wanaziba kwa silikoni, maana upepo ukipata pa kutorokea haupiti kwenye mapezi, yale matuta membamba ya chuma kwenye silinda ya kutolea joto. Kuna na kituko kingine, bati likibana sana mapezi nalo linazuia hewa isipite, wanaweka washa (kile kipete cha bolti) kulisogeza nje kidogo na joto linashuka!

Basi tukafungua kava. Bati la kuziba mwisho wa sanduku la upepo upande wa flaiwili limeshikwa na bolti moja tu, limefunguka juu upana wa vidole viwili. Upepo wote unatokea pale. Na chini yake kipaipu cha dizeli inayorudi kutoka kwenye nozeli kinavuja taratibu, pumba za mpunga zimeganda humo mpaka katikati ya mapezi kumekuwa keki nyeusi, kijana wa mashine aliichokonoa kwa kipande cha msumeno wa chuma inatoka vipande vipande. Tukasafisha, kipaipu kipya, bolti zote, mwanya tukapiga silikoni ya joto. Sasa hivi namba moja inasoma karibu sawa na wenzake, inazidi kidogo tu, na mashine inakoboa kutwa.

Mabaya yake sasa. Inatumia betri ya volti 9, Kitere huipati mpaka mtu aende mjini, na ukisahau kuitoa inajimaliza yenyewe. Vumbi la pumba linaziba kioo na ikiziba inasoma chini, kwahiyo kila ukitaka kupima futa kwa pamba. Pia plastiki yake laini, sidhani kama itavumilia kudondoka kwenye sakafu ya zege. Lakini hata kwenye beringi za kinu naitumia, na asubuhi ukiwasha injini ukipima mabomba ya ekzosti silinda isiyochoma unaijua hapo hapo, inabaki baridi wenzake wanapanda. Nyota nne kati ya tano, moja nimekata kwa ajili ya betri.