Spika iliyomkubali kila mtu isipokuwa mimi

Ndani ya hii spika ya Bluetooth kuna mwanamke. Anaongea Kiingereza cha kuamrisha, kwa sauti inayozidi wimbo wowote. Ukiwasha anatangaza, ukizima anatangaza, simu ikiunganika anatangaza tena. Sauti yake haipungui. Nimebonyeza vitufe vyote, nimeshikilia viwili kwa pamoja kama nilivyoelekezwa, wapi! Saa nne usiku watoto wamelala, mimi nataka kumalizia mahesabu ya watu na taarabu ikisikika kwa mbali, yeye anaiamsha nyumba nzima kuiambia kwamba yuko tayari.

Huyo mwanamke, hata hivyo, ningemsamehe. Kilichonikalisha chini niandike maoni haya ni singeli.

Mimi ni mhasibu na nafanyia kazi nyumbani. Ofisi yangu ni kona ya sebule: meza, kiti chenye mto, kabati la mafaili, na dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani. Anayejua kazi ya kulinganisha vitabu vya mteja na taarifa za benki, mstari kwa mstari, anajua kwamba bila muziki ile ni adhabu. Kwa hiyo nilichotaka kilikuwa kidogo sana. Nikikaa saa mbili asubuhi muziki uanze, nikiinuka saa kumi uzime, hapo katikati nisiuguse. Sikutaka mdundo wa kupasua vioo. Sikutaka taa za rangi. (Imekuja na taa za rangi. Zinazunguka kama kigodoro.)

Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, duka silitaji kwa sababu sitaki kesi. Kijana wa pale siku hiyo alikuwa asali. "Karibu dada, hii ni kuwasha tu." Akaniuliza nijaribie wimbo gani, nikamwambia taarabu, ile ya zamani ya Unguja, yenye fidla nyingi. Akatabasamu na mwenzake, nikaona, nikapuuza. Na lazima niseme kweli, ilivyolia pale dukani nililegea. Fidla safi, na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, unaisikia kila uzi. Nikatoa 85,000 bila hata kuomba apunguze. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua.

Siku za mwanzo niliiunganisha na kompyuta, ikawa kero ya aina yake. Spika ina kipaza sauti ndani yake, kwa hiyo kila nilipoingia kwenye kikao cha mtandaoni kompyuta ilidhani hiyo ni simu ya mezani. Inaikamata, inabadilisha hali, na kila kitu kinageuka kuwa sauti ya mtu aliye kisimani. Nikaacha. Nikaamua muziki utoke kwenye simu yangu, vikao nisikilize kwa hedifoni za waya. Mpango mzuri, na ndio ulioniangamiza.

Ilikuwa katikati ya mwezi, tarehe 20, mwisho wa kupeleka ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani), iko mlangoni. Nina kikao na mteja, mzee wa heshima zake mwenye duka la vipuri, ambaye kumshawishi akae mbele ya kamera kulinichukua wiki nzima ya simu na salamu. Ili muziki usije ukatukatiza, kabla ya kikao nikazima Bluetooth kwenye simu yangu. Adabu hiyo! Spika nikaiacha inawaka juu ya kabati, nyuma ya mgongo wangu, kimya.

Niko katikati ya kumweleza mzee kwa upole kwamba stakabadhi alizoniletea hazifanani na mauzo aliyoyataja, mara yule mwanamke akatangaza. Nikajua simu yangu imejiunganisha tena. Haikuwa simu yangu. Kabla sijageuka, singeli ikafumuka kwa sauti ya mwisho, ile ya kasi kabisa, MC anashona maneno kama cherehani. Taa zikawaka nyekundu, zikawaka kijani, zikanizunguka kichwani kwenye kamera. Nikaruka kuizima. Haizimiki mpaka ushikilie kitufe sekunde kadhaa, ukiachia mapema inadhani unataka wimbo unaofuata. Niliachia mapema mara mbili. Nyimbo tatu za singeli.

Niliporudi kwenye kiti mzee ananitazama kwa huruma kubwa. "Mwanangu," akasema, "kumbe kwako kuna shughuli? Si ungeniambia tu, tungeahirisha."

Baadaye nikapata kisa chote. Upande wa pili wa ukuta kuna kijana wa darasa la saba, mtoto wa jirani. Nao wana spika ya aina hiyo hiyo, na jina inalojitangazia hewani ni lile lile, herufi tatu na tarakimu tatu. Kijana kafungua simu, kaona jina, kagusa. Bluetooth inafika mita kumi hivi, na ukuta wetu wa tofali za inchi sita si kitu. Spika yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeiachia, ilikuwa inatafuta mtu. Haikumuuliza namba ya siri. Haikuniuliza mimi niliyeilipia. Ikamkumbatia.

Hapo ndipo nilipoelewa asubuhi zote nilizohangaika nayo, mimi nimekaa hatua mbili tu, simu inazunguka "inaunganisha, inaunganisha" halafu inakata. Mtoto alikuwa ameshaingia kabla hajaenda shule.

Nikairudisha Kariakoo na boksi lake, na risiti, na hata lile jani la maelezo. Kijana yule yule. Asali imekwisha. Nilimweleza vizuri, kwa utulivu nilioutayarisha ndani ya daladala. Akaichukua, akaiwasha, mwanamke akatangaza, akaweka wimbo, ikalia. Akaniangalia. "Mama, si inaimba? Sasa mbovu iko wapi?" Angalieni, niliponunua nilikuwa dada. Nikamwambia ubovu ni kwamba yeyote anaingia. Akawageukia wateja wengine, watu wanne au watano, akasema kwa sauti: "Mama wa taarabu analalamika jirani anampigia singeli!" Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu akanionyesha kwa kidole ile karatasi ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudi, kana kwamba sijui kusoma, na akamalizia kwamba kama nataka kitu kisichoingiliwa, redio za mkulima zipo kule nyuma.

Ningeandika hapo hapo, kungekuwa na maneno yasiyochapishika. Nyota moja, na hiyo moja kwa sababu huwezi kutoa sifuri.

Nikaanza upya. Mpwa wangu anayejua mambo haya alishauri spika janja ya kuzungumza nayo, ile ya waifai na akaunti. Nikamwambia mwanamke mmoja wa Kiingereza ananitosha. Akasema basi kulikuwa na kifaa kidogo cha mviringo cha Google, Chromecast Audio, unakichomeka kwenye redio yako ya zamani yenye tundu la kuingizia sauti, inapokea muziki kwa waifai. Nikachangamka, ndicho nilichokuwa nakitafuta. Akaangalia: waliacha kukitengeneza 2019. Nikamwambia siku nyingine aanze na hilo.

Mwisho nikachukua simu yangu ya zamani, iliyopasuka kioo ila bado ina tundu la hedifoni, nikanunua waya wa AUX kwa fundi wa mtaani, nikaishusha sabufa ya sebuleni. Waya upande mmoja una kichwa kimoja, upande wa pili vichwa viwili, chekundu na cheupe. Unachomeka, inalia. Hakuna anayetangaza kitu, na jirani kuingia humo ni mpaka avunje mlango.

Nikafanya na hesabu, maana ndiyo kazi yangu na bando halina ndugu. Ukiiacha programu ya muziki kwenye ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde, saa moja inakula megabaiti 144. Siku ya saa nane umepita gigabaiti moja. Ukishusha hadi 160 ni megabaiti 72 kwa saa, na 96 ni kama 43. Mimi kwa masikio yangu, nikiwa nabishana na taarifa ya benki, kati ya 320 na 160 sioni tofauti, na anayesema anaiona anunue bando lake. Nalipia kifurushi cha mwezi kwenye programu ya muziki ili nipakue nyimbo usiku, mchana simu naiweka hali ya ndege. Hata meseji haziingii katikati ya wimbo.

Katika kutafuta nyimbo nimejifunza kitu kimoja. Msondo Ngoma usiwatafute kwa jina hilo tu. Bendi ilianza 1964 kama NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina na bendi ilibadilika: JUWATA, halafu OTTU. Sasa kule mtandaoni aliyepandisha nyimbo ndiye anayeamua ni nani. Andika majina yote manne, kila moja litakuletea fungu lake. Nilipoteza asubuhi nzima kwa hilo na sijutii.

Sabufa ina mvumo. Ukiichaji simu huku imechomekwa, inaguguma ndani kwa ndani kama friji ya zamani. Ukichomoa chaja, kimya. Kwa hiyo nachaji usiku. Nikasema hilo nitaliweza, yamekwisha, spika ile nikaitupia chini ya meza.

Kisha umeme ukakatika. Mchana, joto, feni imesimama, sabufa imekuwa stuli. Nina kazi ya kupeleka jioni na kompyuta ina chaji ya saa tatu. Wakati huo huo yule kijana kaja mlangoni, katumwa na mama yake kuomba radhi, wiki nyingi zimepita lakini nadhani habari ndiyo kwanza imemfikia mama. "Shikamoo anti, samahani kwa ile siku." Nikamwambia marahaba, na nikamwonyesha spika chini ya meza, ikiwa imevaa vumbi. Akaiokota. Akaigeuza, nyuma kuna kifuniko cha mpira ambacho mimi nilidhani ni cha kuzuia maji, akakifungua kwa ukucha. Ndani kuna tundu la kuchajia na pembeni yake tundu la AUX. "Ukichomeka waya hapa, anti, Bluetooth inajizima. Mimi wala siwezi kuiona."

Nikachomoa waya mfupi uliokuja ndani ya boksi, ambao sikuwahi kuufungua. Nikachomeka. Mwanamke akasema neno lake la mwisho, akanyamaza. Fidla zikatoka, zile zile za dukani, kwa betri, umeme hakuna, mtaa wote kimya. Ililia mpaka nikamaliza kazi.

Sasa niseme nini? Spika ni nzuri. Naona uchungu kuandika hivyo lakini kwa sauti, kwa kudumu na chaji, kwa bei ile, ni nzuri, na kwenye ofisi ya nyumbani inatosha kabisa ilimradi uitumie kwa waya na usahau kwamba ina Bluetooth. Nimebadilisha nyota kutoka moja kwenda tatu. Kisha nikakumbuka kwamba kijana wa dukani aliishika mikononi, na tundu lile liko upande wake, na angeweza kuniambia kwa sentensi moja badala ya kuchekesha watu. Nikashusha hadi mbili. Mbili na nusu, kama kungekuwa na nusu. Duka sirudi hata wakigawa bure.

Ukinunua, kifuniko cha mpira kiko nyuma, kushoto, kigumu kidogo. Taa za rangi nimezibandika gundi ya karatasi.

Jana jioni mtoto wa jirani kagonga dirisha, simu mkononi. Kumbe spika yao imeharibika tangu zamani, na siku zote hizi alikuwa anasikilizia kwangu kupitia ukutani.

"Anti, mbona ile spika siioni tena kwenye simu?"

Nikamwambia imesafiri.