Suzuki Jimny JB23: uzoefu wangu kutoka foleni za Dar hadi barabara za Usambara

Niseme mapema kwa mnaotaka kununua: kama gari lako litakuwa la kwenda Posta asubuhi na kurudi Mbezi jioni, tafuta lingine. Lakini kama una shamba, una wakwe milimani, au una hamu tu ya kuendesha pale ambapo hakuna anayekupigia honi mgongoni, sijaona gari dogo linalolifikia hili. Langu ni Jimny la toleo la JB23, la gia za mkono, injini ya cc 658 yenye turbo. Siku za kazi liko Dar es Salaam, na nikipata nafasi nalipandisha Lushoto, kwenye milima ya Usambara.

Mjini linanisaidia kwa udogo wake. Halifiki urefu wa mita 3.4, na upana wake hautimii mita moja na nusu, kwa hiyo Kariakoo linaegeshwa pale ambapo wengine wanazunguka mtaa mzima. Faida za mjini ni hiyo tu. Jioni kwenye foleni mguu wa kushoto haubanduki kwenye klachi, daladala inachomekea, bodaboda wanakatiza huku na huku. Nimekulia Dar na ninaipenda, ila kuendesha Dar ni kujihami kuanzia getini hadi getini. Nikifika nyumbani sina hata hamu ya mazungumzo.

Safari ya Lushoto huwa siipitishi Chalinze. Nachukua Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64 za lami, nikiwaachia malori ya bara Morogoro Road yao. Msata naingia barabara kuu ya kwenda Segera, navuka Wami kwenye daraja jipya (wanaokumbuka lile la zamani la kupishana gari moja moja wanajua nafuu yake), kisha Segera na Korogwe, mashamba ya mkonge yakiwa kandokando. Kwenye barabara kuu Jimny hufurahia mwendo wa 80. Likifika 100 injini inalalamika na upepo unasikika kila upande. Mabasi ya Moshi na Arusha yatakupita, yaache yapite. Na kwa kuwa kila kijiji kina kibao cha 50 na tochi ya trafiki ya kupimia mwendo huenda iko chini ya mti, gari lisilo na papara linakuokolea faini.

Mombo ndipo ninapozima kiyoyozi na kushusha vioo. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na huko juu ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Unapanda kwa gia ya pili na ya tatu. Turbo ikishika unaisikia, na injini iliyoonekana dhaifu kule Msata hapa inatosha kabisa. Kabla ya kona unapiga honi fupi, unasikiliza kama kuna anayejibu, ndipo unaingia. Joto la bondeni linabaki chini kona baada ya kona, na ukifika Soni, penye maporomoko, unatafuta sweta.

Raha yenyewe iko mbele zaidi, njia ya Magamba, Lukozi, Sunga hadi Mtae. Kwenye msitu wa Magamba ukienda taratibu unaweza kuwaona mbega juu ya miti. Lami ikishakuacha unabaki na udongo mwekundu, mawe, na mitaro iliyochimbwa na mvua. Gari hili limejengwa juu ya chesisi kamili, lina ekseli nzima mbele na nyuma, na uzito wake ni kama tani moja tu, kwa hiyo halizami ovyo kwenye tope. Pakiteleza nabonyeza foo wili, magurudumu yote manne yavute. Mteremko ukiwa mkali naweka foo wili ya gia za chini, gari linashuka lenyewe polepole bila kuunguza breki. Ukikutana na Fuso la kabichi linatoka Lukozi, ule udogo uliokufaa Kariakoo unakufaa tena: unajibanza kwenye ukingo, dereva anapita akiinua mkono, "Asante, kaka!" Mzee mwenye jembe begani unamwamkia shikamoo kupitia dirishani, anaitikia marahaba na kukuuliza unakokwenda, na mna nafasi ya kujibizana kwa sababu hamna anayewaharakisha.

Huko naendesha kwa mwendo wa 30, na sijawahi kuuona ni mdogo. Masikio yanasikia changarawe chini ya tairi, mkono unabadili gia kabla sijafikiria. Mke wangu husema mambo yetu mazito tunayamaliza tukiwa baina ya Lukozi na Mtae, na ni kweli. Dar nikiwa nyuma ya usukani simsikii, nawaza bodaboda.

Kwa ubebaji, lihesabu kama gari la watu wawili. Siti za nyuma zikisimama, buti linameza begi moja. Ukizilaza, viazi na mapeasi ya sokoni vinaingia vizuri. Mafuta langu linakula lita moja kwa kilomita 11 hadi 13, milima ikiwemo. Kabla ya kununua, lala chini uangalie kutu kwenye chesisi, hasa kama lilitumika sehemu za theluji Japani. Liendeshe mpaka 70 au 80 ukishika usukani kwa wepesi: ukitetemeka sana, fundi aangalie beringi za kingipini, pale magurudumu ya mbele yanapogeukia. Injini inatumia cheni ya taimingi na turbo inategemea oili safi, hivyo muulize mwenye gari amekuwa akibadilisha oili kila baada ya muda gani.

Tenki ni la lita 40. Jaza Lushoto mjini kabla ya kuelekea Mtae, na uondoke asubuhi, kwa sababu ukungu ukishuka jioni hata hiyo 30 ni kasi mno.