Uzoefu wangu na bendi ya kuruka foleni kwenye bustani ya maji

Mzazi unayepanga kuwapeleka watoto kwenye michezo ya maji hapa Dar sikukuu inayokuja, kabla hujatoa hela getini uliza swali moja: humu ndani mnauza bendi ya kuruka foleni, yaani utepe wa mkononi unaompitisha mtu mbele ya wanaosubiri? Wakijibu ndiyo, jua kwamba kiingilio unacholipa kimeshapunguzwa thamani hata kabla watoto hawajavua viatu. Nasema hivi baada ya kushinda Iddi pili kwenye bustani moja ya maji, mimi na wanangu wawili, pamoja na mdogo wangu, mumewe na watoto wao. Jina la bustani naliacha, maana mpango wa namna hii unaweza kuanzishwa kesho na yeyote mwenye slaidi na geti.

Mazuri yapo, na nayasema kwa moyo mweupe. Maji yalikuwa safi, unaona vigae vya chini hata kwenye bwawa la kina. Waokoaji walikuwa macho muda wote, filimbi mdomoni, hakuna aliyekuwa anachezea simu. Vyoo vilisafishwa mchana kutwa. Chipsi kuku bei imechangamka na chakula cha nyumbani hakiruhusiwi kuingia, lakini hilo limeandikwa getini, kila mtu analiona. Bwawa la watoto wadogo halina foleni kabisa. Kama una mtoto wa miaka minne au mitano, ushauri wangu kwako unaishia hapa: mpeleke, atafurahi.

Shida iko kwa wakubwa kidogo, wale wa miaka tisa hadi kumi na mbili, ambao bwawa la maji ya magotini haliwatoshi na wamekuja kwa ajili ya slaidi ndefu. Ukilipa kiingilio unafungwa bendi ya bluu mkononi. Pembeni ya dirisha la tiketi kuna bango: bendi ya njano, pita bila foleni siku nzima. Bei yake kwa mtoto mmoja inakaribia kiingilio kingine kizima. Shemeji aliwanunulia wanawe. Ni hela yake, ameitolea jasho, sikuwa na neno. Mimi sikununua, kwa sababu bajeti ya sikukuu ilishapangwa, na kwa sababu niliamini kiingilio nilicholipa kimebeba na zamu ya mtoto wangu.

Slaidi ile inafanya kazi hivi. Watoto wanapanda ngazi za chuma hadi juu, ambako amekaa mwokoaji mmoja. Chini, kwenye bwawa la kushukia, yupo mwenzake. Wa juu hamwachii mtoto mpaka wa chini anyooshe mkono kuonyesha kwamba aliyetangulia ameshatoka kwenye maji. Ndivyo inavyotakiwa, maana mtu akitoka kwenye bomba lile kwa kasi na kumgonga mwenzake, hapo ni kuumizana vibaya. Kwa hiyo kasi ya slaidi imeshikwa na usalama, na haiongezeki hata kama watu wote wamelipa mara tatu. Chukulia anashuka mtoto mmoja kila nusu dakika: ni watoto 120 kwa saa, basi. Kama mbele yako wako 60, unasubiri nusu saa. Sasa waingize watoto 40 wa bendi ya njano ndani ya saa hiyo hiyo. Nafasi zinazobaki kwa wa bluu ni 80, na wale 60 waliokutangulia wanaisha baada ya dakika 45. Robo saa ya mwanao imeuzwa dirishani kwa mtu mwingine, na wewe hukuulizwa.

Siku ile wa njano walikuwa wengi. Ilipofika saa saba, jua limewaka, ngazi za chuma zinaunguza nyayo, watoto wa bluu walikuwa wanabadilisha mguu wa kusimamia kama wako juu ya kikaango. Pembeni yao kuna kijia chembamba kimezibwa kwa mnyororo. Kila alipokuja mtoto wa njano mnyororo ulifunguliwa, mwokoaji akanyoosha mkono kumzuia wa bluu aliyekuwa ameshaweka mguu kwenye maji, yule akapita. Mara nyingine walikuja watano kwa mpigo, ndugu au marafiki, na mtoto aliyekuwa wa kwanza akarudishwa nyuma kwa watano wote. Barabara ya Mandela tunamkasirikia dereva anayechomekea, na tuna haki ya kukasirika. Kumpa risiti hakubadilishi anachomfanyia aliye nyuma yake.

Mwanangu mkubwa alivumilia. Mdogo, mwenye miaka tisa, alishuka ngazi akanifuata nilipokuwa nimekaa. "Mama, kwani sisi hatujalipa?"

Nikamwambia tumelipa.

"Sasa mbona wao wanapita tu?"

Mtoto huyu nimemfundisha kusubiri zamu dukani, bombani na kwenye kituo cha daladala. Nimemwambia mara nyingi kwamba anayekuta wenzake anakaa nyuma yao, hata kama ana haraka. Pale sikuwa na maelezo ambayo angeyakubali, kwa sababu hata mimi siyakubali. Nilimpa maji akanywa, akarudi kupanda.

Nilimweleza shemeji tulipokaa kivulini. Akanijibu kwa utaratibu tu: "Shem, kila kitu siku hizi kina madaraja. SGR ina madaraja, uwanja wa Mkapa una mzunguko na VIP. Mbona huko hulalamiki?"

Hoja yake nimeitafakari sana, na mifano yake ndiyo imenisaidia kuona tofauti. Aliyekata tiketi ya daraja la juu kwenda Dodoma amekaa kwenye kiti kipana, mimi wa daraja la kawaida nimekaa kwenye changu. Treni ni moja na wote tunafika kwa wakati mmoja. Kiti chake hakijanichelewesha hata kidogo. Aliye VIP siku ya Simba na Yanga ana kiti kizuri kuliko cha mzunguko, lakini dakika 90 anazoziona yeye ndizo anazoziona aliyeko mzunguko. Hao wamenunua raha ya ziada, na aliyeuza raha hiyo ameitengeneza yeye mwenyewe. Bendi ya njano haina kiti ndani yake, haina kivuli wala soda. Ukiondoa zamu ya mtoto mwingine, haibaki na kitu.

Kama ni mfano, mimi ningechukua ule wa kugeuza na daladala. Jioni Kariakoo mtu anadandia gari bado linaingia, analipa nauli mbili, anageuka nalo, na gari linafika kituoni viti vimejaa. Mama aliyesimama pale tangu saa kumi na moja anaambulia kushika bomba, au anaachwa. Tunafanya hivyo wengi wetu, kwa sababu usafiri ni wa shida na kila mtu anataka kufika nyumbani. Lakini konda hakuwa ameshachukua nauli ya yule mama. Bustani ilishachukua kiingilio changu asubuhi, kwa ahadi kwamba watoto watacheza.

Nje huko biashara hii ina historia, na inafaa kuitazama kabla haijatuzoea. Disney, wenye bustani kubwa za michezo, walianzisha mfumo wao wa kupunguza foleni, FastPass, kule Florida, Marekani, mwaka 1999, na ulikuwa wa bure. Uliingiza tiketi yako kwenye mashine, ikakupa karatasi yenye saa ya kurudi, ukaenda kula au kucheza mchezo mwingine, saa ikifika unapita. Kila mwenye tiketi aliweza, awe tajiri au mtu wa kawaida. Mwaka 2021 wakaufuta, wakaleta wa kulipia, dola 15 kwa mtu kwa siku ulipoanza kule Florida. Kwenye bustani za Disney za Tokyo nako, kuanzia 2022, baadhi ya michezo ikaanza kuuzwa zamu ya haraka kwa yen 2,000. Mwishoni mwa 2024 ikaja pasi nyingine ya juu zaidi huko Marekani, ambayo siku za msongamano mkubwa inapita dola 400 kwa mtu mmoja, na tiketi ya kuingilia unailipia kando.

Kwangu mimi kuna mambo mawili hapo. La kwanza, kwa zaidi ya miaka 20 waliweza kuwaondolea watu kusimama foleni bila kuwatoza senti ya ziada. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba bila kulipisha haiwezekani. La pili ndilo linaloniogopesha zaidi: bendi inanunuliwa pale tu foleni inapokuwa ndefu. Siku ambayo hakuna watu, nani atainunua? Mwenye bustani akishaanza kuitegemea hela hiyo, foleni ndefu inakuwa faida kwake. Atajenga slaidi ya pili ya nini, wakati ile moja inayobanana ndiyo inayomuuzia bendi? Na wakinunua watu wengi, foleni ya njano nayo inarefuka, itabidi kuwe na bendi ya dhahabu juu yake.

Jambo moja shemeji mwenyewe hakulitegemea. Wanawe waliteleza wakachoka. Mchana wakawa wamesimama ukingoni mwa bwawa, wanatazama juu kwenye ngazi. "Mama mkubwa, hawa watashuka saa ngapi?" Walikuwa wamepanga na binamu zao tangu mfungo kwamba watashindana, maana slaidi ile ina mabomba mawili yaliyo sambamba na mnaweza kuachiwa kwa pamoja. Ila wa njano akifika juu, wa bluu bado yuko katikati ya ngazi. Hawakukutana hata mara moja mpaka yule mkubwa wa shemeji alipoamua kwenda kusimama kwenye foleni ya bluu na wenzake, bendi ya njano ikiwa mkononi. Hapo ndipo nilipowasikia wakicheka wote wanne. Shemeji aliona. Hakusema kitu, na mimi sikumwongezea neno.

Sisemi kwamba foleni isiguswe kabisa. Hospitalini tunawapisha wazee, benki tunampisha mama mwenye kichanga, na hakuna anayenung'unika. Siku hiyo hiyo baba mmoja alikuja amembeba mgongoni kijana wake mwenye ulemavu wa miguu. Mwokoaji hakuhitaji hata kupiga filimbi. Watoto wa ngazi nzima walijibana ukutani wenyewe, na kijana alipoteleza walimshangilia mpaka chini. Watoto wanaelewa kabisa sababu ya kumpisha mtu. Ukiwaonyesha sababu, hawana kinyongo.

Kabla ya kuondoka nilimtafuta meneja, na namshukuru alinisikiliza. "Mama, umeme wa pampu ni ghali, dawa ya maji ni ghali, na sikukuu ndizo zinazotubeba mwaka mzima," aliniambia. Namwamini. Bustani isipopata hela maji yatachafuka, na hilo silitaki kwa wanangu. Lakini zipo njia za kuipata hela hiyo bila kumnyang'anya mtoto zamu yake. Apandishe kiingilio cha sikukuu waziwazi na kushusha cha siku za kazi, ili wenye nafasi waje Jumanne na msongamano ugawanyike. Akodishe vibanda vyenye kivuli na viti, mimi ningekuwa wa kwanza kulipia kile cha karibu na bwawa la watoto. Afungue saa moja mapema kwa wanaotaka kulipia saa hiyo, wakati sisi wengine bado tuko njiani. Na kwa slaidi ndefu atoe namba za karatasi zenye saa, kama benki wanavyotoa namba, mtoto aende kuogelea mpaka saa yake ifike. Nikamwomba pia kwamba, akiendelea kuuza bendi, basi aandike getini kabla sijalipa: leo tumeuza bendi za njano kadhaa, foleni ya bluu inakadiriwa muda fulani. Aliandika mambo mawili matatu kwenye simu yake, akasema atayafikisha kwa wenye mali.

Naipa bustani nyota tatu kati ya tano. Kwa usafi na usalama ilistahili nne na nusu. Zilizopungua zote zimeondolewa na bango lile la njano.

Nitarudi, ila siku ya kazi wakati wa likizo ya shule, na sitanunua bendi hata ikishuka bei. Kwa wanaokwenda: fikeni saa tatu asubuhi mlango ukifunguliwa na mwanze na slaidi ndefu, mabwawa ya kawaida yawe ya baadaye. Kuanzia saa tano hadi saa tisa pale ngazini hapafai. Wavalisheni watoto ndala za maji zisizovuka mguuni kirahisi, ngazi zile zinaunguza kweli. Na mpimeni mtoto kimo nyumbani kabla hamjampa matumaini, kwa sababu mstari wa kipimo umechorwa chini ya ngazi, mbali na dirisha la tiketi, na akikosa sentimita mbili kiingilio hakirudishwi.