Nililipia data ya jua, nikauziwa jua kali kuliko jua lenyewe

Nimesubiri siku kadhaa nipoe ndipo niandike. Sijapoa.

Kazi ilikuwa jengo la madarasa, upande mmoja unatazama mashariki, nami ndiye wa kupima mwanga wa mchana kwenye kompyuta. Nikajisemea, safari hii faili la bure la hali ya hewa silitaki, nalipia data ya mionzi ya jua inayotokana na setilaiti. Matokeo yakaja: asubuhi madarasa yanawaka moto, mapazia yanashushwa kila siku. Mteja alishaanza kuzungumzia kupunguza madirisha.

Nikalifungua faili lenyewe, mstari kwa mstari. Asubuhi moja, jua limepanda digrii 3 tu, mionzi ya moja kwa moja inasoma wati 1,624 kwa kila mita ya mraba. Jamani! Nje kabisa ya angahewa jua hutoa wastani wa wati 1,361. Yaani hewa na vumbi vimeliongezea jua nguvu?

Chanzo hakikunisumbua kukipata. Setilaiti inatazama mawingu, ndipo watu wanakadiria jumla ya mionzi inayofika ardhini, kisha wanaigawa: hii imetoka kwa jua moja kwa moja, hii imetawanywa na anga. Nguvu ya ile ya moja kwa moja inapatikana kwa kuigawanya na sini ya pembe ya jua, na jua likiwa chini sini hiyo ni ndogo mno. Sini ya digrii 3 ni kama 0.052. Kosa dogo la wati, au saa iliyoandikwa nusu saa mbele, na namba inalipuka. Ndiyo maana watu makini huweka kikomo hapo.

Nikawatumia walioniuzia data picha ya mstari huo, nimeuzungushia wekundu. Jibu: "Ndugu mteja, data zetu zimehakikiwa. Tafadhali kagua programu yako." Picha hata hawakuifungua!

Niseme haki: jumla ya mwaka haikupishana sana na ya faili la bure, na saa za adhuhuri sikuona tatizo. Mwenye kupigia hesabu paneli za sola pengine asingegundua kitu. Nilikuwa nimeshaamua nyota tatu. Lakini kila nikiikumbuka ile "kagua programu yako"... moja, basi.

Juzi nimepakua faili upya, wanasema limeboreshwa. Wati 1,624 bado ziko palepale.