Catbells na Derwentwater: mlima ni bure, lipia boti

Mama yangu ni mzaliwa wa Nansio, Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Alipokuja Birmingham kututembelea nikamwambia watoto wakifunga shule mwishoni mwa Mei tutampeleka kwenye nchi ya maziwa. Akauliza: maziwa ya kunywa au ya kuvulia? Nikamwambia ya kutazama tu. Akaniangalia kama mtu aliyepotelewa na akili ughaibuni.

Naandika haya kwa ajili ya familia zenye mchanganyiko kama yetu: bibi wa miaka 71 mwenye goti bovu, baba asiyependa kupanda chochote kisicho na lifti, kijana wa miaka 12 anayetaka kukimbia, na binti wa miaka 6 ambaye kila baada ya dakika kumi anauliza kama tumefika. Kama kwako kila mtu ana miguu ya mbuzi, huhitaji ushauri wangu.

Eneo lenyewe ni Lake District, kaskazini magharibi mwa England. Ni hifadhi ya taifa tangu 1951, na tangu 2017 limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ila usifikirie Serengeti. Kwetu ukisikia hifadhi ya taifa unajua binadamu hakai humo, na getini unaacha hela. Huku hakuna geti wala kiingilio. Ndani mna vijiji, shule, baa, na wafugaji wenye kondoo wao. Mama hilo lilimshangaza kuliko mandhari. Akauliza mara mbili, "Kwa hiyo hawa hawakuhamishwa?"

Sisi tulifikia Keswick, mji mdogo kando ya ziwa Derwentwater. Treni kutoka Birmingham hadi Penrith, halafu basi la X5. Mwenye gari akiweza kuliacha nyumbani aliache. Wiki za likizo maegesho hujaa mapema, na barabara inayopita chini ya Catbells, mlima tuliokwenda kuupanda, ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana, mmoja lazima arudi nyuma huku mwenzake anamtolea macho.

Kutoka katikati ya mji hadi gatini ni mwendo wa dakika kumi hivi, hata kwa goti la Mama. Hapo ndipo alipoliona ziwa kwa mara ya kwanza. Akasimama, akaangalia ng'ambo, akaona miti ya ng'ambo, akaona hata watu wa ng'ambo. "Hili ndilo?" Derwentwater ina urefu wa kama kilomita tano na upana usiofika kilomita mbili. Mtu aliyezoea kivuko cha Mwanza kwenda Nansio, saa tatu majini, unamwambiaje kwamba hili ni ziwa? Akaliita lambo, na hadi leo analiita lambo.

Mume wangu akaongeza chumvi kwa kumpa hesabu. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote England, una mita 978 tu. Maji ya Ziwa Victoria yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maana yake Mama akikaa barazani kwake Nansio yuko juu kuliko Mwingereza aliyesimama kwenye kilele cha mlima wake mrefu kabisa. Tangu asikie hivyo, mwendo wake ulibadilika. Alitembea kama mwenyeji wa milima.

Sasa boti. Keswick Launch wana boti za mbao zinazozunguka ziwa siku nzima, nyingine zikielekea upande wa mkono wa saa na nyingine kinyume chake, zikisimama kwenye magati madogo madogo ya mbao. Duru nzima ni kama dakika 50. Tulikata tiketi ya kuzunguka ziwa lote, ambayo inakuruhusu kushuka gati moja na kupandia jingine baadaye. Hapa ndipo hela yako inapofanya kazi, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kupanda, Mama alisimama pembeni akahesabu watu. Hakumwambia mtu, ila midomo ilikuwa inacheza. Halafu akaangalia maboya ya kuokolea yamewekwa wapi. Mtu aliyekuwa Mwanza Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, hapandi chombo chochote bila kuhesabu, hata kama ni lambo. Mhudumu aliona, akamsogezea nafasi karibu na mlango bila kuuliza kitu. Kwa hilo peke yake nawapa nyota.

Tulishuka Hawse End, kama dakika kumi tu kutoka mjini, na hapo tukagawana. Mimi na watoto tulipanda Catbells. Mama na mume wangu walishika njia ya chini, inayofuata ukingo wa ziwa kupitia msitu wa Brandelhow. Makubaliano: tukutane gati la High Brandelhow, anayetangulia amngoje mwenzake. Nikiri nilikuwa na wasiwasi. Mtu na mama mkwe wake, saa tatu, wawili peke yao, bila televisheni.

Catbells ina mita 451, na kila kitabu kitakwambia ni mlima wa familia. Ni kweli nusu. Kipande cha kwanza ni kupanda tu, njia inapinda kushoto na kulia, pumzi inakata lakini hakuna cha kutisha. Unafika kwenye bega la kwanza, unapata upepo, ziwa lote liko chini yako na visiwa vyake. Kimoja kinaitwa St Herbert, jina la mtawa aliyeishi humo peke yake katika karne ya 7. Upande wa pili kuna bonde la Newlands, kijani tupu, limegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Tukadhani tumefika. Hatujafika. Njia inashuka kidogo, halafu inakutana na mwamba.

Huo mwamba ndio ambao hakuna aliyeniambia. Si mrefu, lakini unapanda kwa mikono na miguu, na nyayo za miaka mingi zimeulainisha hadi unang'aa kama kiti cha mbao cha zamani. Kijana alipita kama nyani. Binti alifika katikati, akaweka shavu lake kwenye jiwe, akasema, "Mama, mimi nitakaa hapa." Nilikuwa nyuma yake, mkono mmoja kwenye mgongo wake na mwingine umeshika ufa, na nyuma yangu foleni ya watu. Mama mmoja mtu mzima, Mwingereza, alikuwa anashuka. Hakutuharakisha. Alichuchumaa, akagusa jiwe kwa kidole: mguu hapa, mkono hapa, sasa mguu huu. Mara tatu tu, na binti akawa juu, anamwonyesha kaka yake kana kwamba ameuvumbua yeye.

Kwa hiyo ushauri: mtoto wa chini ya miaka sita, au mtu yeyote mwenye goti, aishie kwenye bega la kwanza. Mandhari ya pale yanatosha kabisa. Na ukishapita mwamba usirudi kwa njia hiyohiyo, maana kushuka ni kubaya zaidi. Endelea mbele hadi Hause Gate, ushukie upande wa ziwa. Ngazi za mawe ni nyingi, mapaja yatalalamika, lakini unatumia miguu tu.

Kileleni tulikula chapati na mayai ya kuchemsha, tukiangalia Skiddaw ng'ambo ya mji, kichwa chake kimeingia mawinguni. Kondoo wa huko, Herdwick, hawana haya. Mmoja alisogea hadi akanusa chapati. Ni kondoo wenye sura nyeupe na manyoya ya kijivu, lakini wanakondoo wao huzaliwa weusi tii. Kila mwaka unaopita wanazidi kupauka. Binti akataka kujua kama yule mweusi ameibwa.

Mvua ilianza tukiwa tunashuka. Hilo si la kushangaa: Seathwaite, juu kidogo kwenye bonde la Borrowdale lililo upande huohuo, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka na ni kati ya makazi yenye mvua nyingi kuliko yote England. Kwetu mvua ikija unakaa barazani ipite. Huku ukingoja ipite utazeekea hotelini, kwa hiyo unatembea nayo. Kosa langu lilikuwa koti la kijana. Nililinunua mtandaoni, duka silitaji, lebo imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba halipitishi maji. Dakika kumi na tano za manyunyu, si mvua, manyunyu, shati lilikuwa limeganda mgongoni. La binti, la mtumba, halikuingiza hata tone. Jaribu koti bafuni kwako kabla hujalipeleka mlimani.

Tulipofika High Brandelhow tuliwakuta wameketi chini ya mti, chupa ya chai ya tangawizi imeisha, wanacheka. Mtu na mkwewe! Walikuwa wametembea kama kilomita mbili na nusu kwa saa tatu. Walisimama kila palipokuwa na gogo la kukalia. Waliona sanamu ya viganja viwili vya mbao, vikubwa kiasi cha mtoto kukaa ndani, iliyochongwa kuadhimisha miaka 100 tangu shirika la National Trust linunue msitu huo mwaka 1902. Lilikuwa eneo lao la kwanza katika Lake District, na tangu hapo ukingo ule haujajengwa hoteli wala ukuta wa mtu binafsi. Mama alitaka kujua samaki waliomo ziwani. Mume wangu akatafuta kwenye simu, akampata anayeitwa vendace, adimu sana, analindwa kisheria. "Ziwa dogo, samaki mmoja, na huyo mmoja haliwi," Mama akasema. Kichwa kikatikiswa.

Lakini kilichomfurahisha ni salamu. Birmingham ameishi nasi wiki kadhaa, hakuna aliyemwangalia usoni barabarani. Kule kila anayepishana nawe njiani anakusalimu, mzee kwa kijana, na mbwa wao. Mama kila aliyemsalimu alimjibu, "Marahaba, mwanangu." Mume wangu anasema hakuna hata mmoja aliyeuliza maana yake, wote waliitikia kwa kichwa na kuendelea.

Kijana alimletea kipande cha Kendal Mint Cake, ile peremende ya sukari na minti ambayo waliopanda Everest mwaka 1953 waliibeba. Akaimung'unya kidogo, akairudisha kwenye karatasi. Akasema ni sukari iliyopakwa dawa ya meno, wazungu waliifikisha Everest kwa sababu hakuna aliyetaka kuimaliza.

Mambo madogo, haraka haraka. Ukishashuka Hawse End usitegemee choo, malizana na hilo mjini. Funga kila geti la shamba ulilolikuta limefungwa. Ratiba ya boti hubadilika kwa msimu, kwa hiyo muulize mhudumu asubuhi boti ya mwisho itapita saa ngapi kwenye gati lako, maana kutoka High Brandelhow hadi mjini kwa miguu, na mtoto amechoka, ni adhabu.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa sababu ya ule mwamba ambao watu wote wanaujua na hawausemi. Boti ingekuwa ya kwenda na kurudi tu isingekuwa na maana kwetu. Ni yale magati, moja baada ya jingine, yaliyowezesha mwenye mbio na mwenye goti kuondoka pamoja na kurudi pamoja. Wakati wa kurudi Mama alihesabu tena watu. Safari hii alihesabu kwa sauti, binti akamsaidia.

Koti nimelirudisha dukani kwa posta. Hela bado.