Majiko ya kununua kama unataka kuachana na mkaa, kuanzia bora hadi la mwisho

Orodha hii nimeipanga kwa kutazama chungu kimoja tu: cha maharage. Wali huiva kwa nusu saa, mchicha kwa dakika chache. Maharage, makande, kongoro na nyama ya ng'ombe wa kienyeji ndivyo vinavyomaliza mkaa kwenye gunia na gesi kwenye mtungi. Jiko likiivisha hivyo kwa nishati kidogo, sehemu kubwa ya kazi ya kukifanya chumba chako cha kupikia kiwe rafiki wa mazingira imekwisha. Kabati za mianzi zinaweza kusubiri.

Na mkaa si suala la moshi peke yake. Tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo hupoteza sehemu kubwa ya mti. Kilo moja ya mkaa kwa kawaida imekula kilo 6 hadi 10 za kuni. Ndiyo maana Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034.

1. Presha ya umeme

Watu wanaiogopa kwa mambo mawili, kulipuka na kumaliza LUKU. La kwanza lilitokana na presha za zamani za kuweka juu ya moto. Hizi za umeme hazifunguki mpaka mvuke ushuke, na zina vali ya usalama.

Kuhusu LUKU, tupige hesabu. Sufuria ya ndani imezungukwa na ganda linalozuia joto lisitoke, na presha ikishapanda jiko hujizima, likawa linawaka kwa vipindi. Kwa hiyo hata likiwa la wati 1,000, ambazo zikiwaka saa nzima mfululizo hula uniti moja, halifikishi uniti hiyo kwa saa. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa takriban nusu uniti. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani uniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi, maana yake chungu kizima hakifiki shilingi 200. Nenda kwa muuza mkaa na shilingi 200 uone atakavyokutazama.

Walio kwenye tarifa ya matumizi madogo, D1, hulipa kama shilingi 122 kwa uniti mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Hawa ndio wanaotakiwa kuwa makini. Chungu kimoja kila siku kinaongeza uniti 15 hivi kwa mwezi. Kama friji na pasi vimeshakufikisha 65, utavuka, na uniti za ziada zinatozwa bei ya juu. Jumlisha risiti zako za LUKU za miezi mitatu kabla hujatoa pesa. Mimi bado ningeinunua hata kwa bei ya juu, lakini ni vizuri ujue mapema.

Umeme wenyewe umekuwa safi zaidi: Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mitambo yake yote tisa ilikamilika 2025. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, usifungue. Joto lililobaki ndani litaendelea kuivisha.

Dukani, lita 5 au 6 zinatosha familia ya watu watano. Muulize muuzaji kama ana mpira wa mfuniko wa akiba, maana ndio unaochakaa kwanza. Kama hajui unapatikana wapi, nenda duka jingine. Ukifika nyumbani chomeka kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni ya bei poa.

Ubaya wake: huwezi kusonga ugali humo, wala kupika chapati. Kwa hiyo unahitaji jiko la pili.

2. Gesi

Gesi ya mitungi inatoka nje ya nchi na ni mafuta ya ardhini, kwa hiyo siwezi kuiita ya kijani. Lakini kwa mpangaji mwenye soketi moja chumbani, hakuna kinachoondoa mkaa haraka kama hiyo. Maharage ukiyapikia kwenye presha, mtungi utakaa muda mrefu kuliko ulivyozoea.

Mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake ni rahisi kununua, ila ukisonga ugali unayumba, na hapo ndipo ajali hutokea. Nunua jiko la mezani la plate mbili, na kama uwezo upo chukua mtungi wa kilo 15. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Dai upimiwe kwenye mizani, utoe hesabu mwenyewe. Ukifunga regyuleta, paka povu la sabuni kwenye maungio. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halikulindi.

3. Jiko la indaksheni

Hili nalo ni la umeme: linapasha sufuria yenyewe badala ya hewa iliyo pembeni, na ni zuri kwa chai na mboga. Ningelitanguliza mbele ya gesi kwenye orodha kama si sufuria zetu za alumini, ambazo halizitambui kabisa. Chukua sumaku ya friji, ibandike chini ya sufuria zako. Zisiponata, ongeza bei ya sufuria mpya kwenye bajeti.

4. Jiko banifu la mkaa

Kwa asiye na njia nyingine. Lile la bati lenye udongo ndani, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, linaweza kuokoa theluthi ya mkaa au zaidi likilinganishwa na la bati tupu. Gonga udongo kwa kidole: ukilia kama uliopasuka, liache. Pikia nje.

Nje ya orodha

Mwenye ng'ombe wawili au zaidi wa kufungiwa zizini, kama wengi wa Kilimanjaro na Arusha, asahau mpangilio wangu aanze na biogesi. Kinyesi anacho tayari, na mabaki yake ni mbolea ya migomba.

Kapu lililojazwa sufi au vipande vya godoro linafaa kila nyumba. Wali ukishachemka, uingize humo na sufuria yake, utamalizikia bila moto.

Kuhusu mkaa mbadala, uliza umetengenezwa kwa nini. Wa vifuu na vumbi la mkaa ni sawa. Ule wa makaa ya mawe unaokoa miti, lakini bado unachoma makaa ya mawe, nami sitaununua.