Ijumaa usiku uwanjani: uzoefu wangu wa futiboli ya shule katika miji midogo ya Ohio

Nikipata mgeni kutoka nyumbani kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Oktoba, kitu cha kwanza ninachomtafutia ni tiketi ya futiboli ya sekondari. Makumbusho na maduka makubwa yatasubiri. Nasema futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na pedi za mabega, inayochezwa na vijana wa shule katika miji ambayo ukiwa barabara kuu unaweza kuipita bila kujua. Naandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa Columbus, Akron na Cleveland. Wengi wetu tunaishi mwendo wa saa moja au mbili kutoka viwanja hivi, watoto wetu wanasoma shule hizi hizi, na bado Ijumaa usiku tunakaa nyumbani tukidhani mambo yale yana wenyewe.

Mimi nilivutwa na mtoto wa dada yangu, anayepiga tromboni kwenye bendi ya shule yake. Bendi husafiri na timu, na familia husafiri na bendi, kwa hiyo nimekalia majukwaa ya kila aina, ya zege, ya chuma, na ya mbao zilizochoka.

Uwanja ninaoupa alama za juu kuliko vyote ni Paul Brown Tiger Stadium wa Massillon, magharibi kidogo ya Canton. Ulifunguliwa 1939, ukiwa mmoja wa miradi ambayo serikali ilitumia kuwapa watu ajira wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, na unachukua watu zaidi ya 16,000. Mji wenyewe una watu 32,000 hivi. Maana yake nusu ya mji inaweza kukaa uwanjani kwa wakati mmoja kuwatazama wanafunzi. Kwa Mkapa wakiingia watu 60,000 tunasema nyomi, lakini Dar ina watu zaidi ya milioni 5. Kwa kipimo cha Massillon ingebidi tujenge uwanja wa watu zaidi ya milioni 2.

Paul Brown alikulia mjini hapo, akaichezea shule ya sekondari ya Massillon, kisha akarudi kuifundisha kuanzia 1932 hadi 1940. Katika misimu hiyo 9 timu ilifungwa michezo 8 tu. Baadaye akawa kocha wa kwanza wa Cleveland Browns, timu ya wachezaji wa kulipwa. Rangi za shule ni chungwa na nyeusi, na siku ya mchezo utaziona kwenye vioo vya maduka, kwenye kucha za akina mama, hata kwenye kola za mbwa. Kwa miaka mingi, mtoto wa kiume akizaliwa, chama cha mashabiki kilikuwa kikimpa mpira mdogo wa futiboli akiwa bado hospitalini. Alama yao ni simbamarara, na kwa miaka mingi walikuwa wakileta mtoto halisi wa simbamarara uwanjani. Mimi nampenda zaidi Obie wa bendi, mwanafunzi anayevaa ngozi ya simbamarara na kucheza mbele ya wapiga matarumbeta.

Watani wao wa jadi ni shule ya McKinley ya Canton. Wanakutana tangu 1894, na sasa wamevuka mara 130. Mchezo huo huwekwa mwisho wa msimu wa kawaida, kwa desturi Jumamosi mchana, na aliyekulia na Simba na Yanga hahitaji kuelezwa zaidi. Wiki nzima kazini mada ni hiyo hiyo, na ndugu wa tumbo moja wanakaa majukwaa tofauti. Kisha kuna 2023. Mchujo wa ubingwa wa jimbo ulianza 1972, na pamoja na sifa zao zote za zamani, Massillon hawakuwahi kutwaa ubingwa kwa njia hiyo mpaka mwisho wa Novemba mwaka huo, walipowafunga Hoban ya Akron 7–2. Ukitaka kupendwa na mzee yeyote wa Massillon, mtajie matokeo hayo.

Kwa nini Ijumaa? Jumamosi ni ya vyuo vikuu, Jumapili ni ya wachezaji wa kulipwa. Ijumaa ya shule imewekewa ulinzi hata na sheria. Sheria ya 1961 iliyoiruhusu NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, kuuza haki zake za televisheni kwa pamoja inaondoa ruhusa hiyo kwa matangazo ya Ijumaa jioni yanayogongana na msimu wa shule, Septemba hadi Desemba. Ndiyo maana usiku huo ni nadra kuona ligi kubwa ikishindana na watoto. Naona ni moja ya sheria zenye busara kubwa katika michezo ya nchi hii.

Sasa kiingilio. Tiketi nyingi nilizonunua zilikuwa kati ya dola 6 na 12. Siku hizi shule nyingi huuza kwa simu na getini hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo nunua ukiwa nyumbani; uwanjani watu wakishajaa mtandao unakwama. Begi liwe la plastiki inayoonyesha, au usibebe kabisa. Watoto wadogo sehemu nyingi hawaingii bila mtu mzima, na mimi naunga mkono.

Mchezo huanza saa 1 jioni. Kwa sisi tunaoswali, ratiba inahitaji kufikiriwa mapema. Katikati ya Oktoba jua la Ohio huzama kama robo saa kabla ya mpira kuanza, hivyo Maghribi naiswali pembeni ya gari, kisha naingia. Mwanzoni mwa Septemba huangukia robo ya pili ya mchezo. Niliwahi kutandika mswala nyuma ya jukwaa, kwenye nyasi, watoto wakikimbizana kila upande. Mlinzi wa geti, baba mmoja mnene mwenye koti la timu, akaja akasimama hatua chache mbele yangu, akawapungia watoto wapite kwa nyuma. Hakuniuliza kitu. Nilipomaliza akaniambia nimekosa pasi nzuri, akanieleza ilivyokuwa, nani alirusha na nani alidaka.

Na hapo ndipo thamani ya viwanja hivi ilipo kwangu. Kwenye mabenchi yale hakuna uzio kati ya mtu na mtu. Mwalimu wa hesabu amekaa karibu na fundi wa magari, nyuma yao kuna bibi wa mchezaji namba 54, na kila mmoja ana la kukuambia. Nilipokuwa mgeni kabisa wa mchezo huu, mzee aliyekaa jirani yangu alinifundisha tangu mwanzo. Timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inapewa nne nyingine, ikishindwa wenzao wanachukua. Hayo ukiyajua, umeshaweza kushangilia. Kuna robo nne za dakika 12, lakini kwa saa kusimama mara kwa mara jioni nzima inachukua kama saa 2 na nusu. Timu ikizidiwa kwa pointi 30 au zaidi katika kipindi cha pili, hapa Ohio saa huachwa itembee karibu bila kusimama. Nalipenda sana hilo. Ni watoto, hakuna haja ya kuwaadhibu.

Mapumziko ndiyo sehemu ninayoisubiri. Tafadhali usitoke kwenda kupanga foleni ya chakula wakati huo. Bendi inaingia uwanjani yote kwa mkupuo, ngoma zikitangulia, na ile midomo mikubwa ya shaba ya matarumbeta ikigeuka kwa pamoja kuelekea jukwaa. Sauti ya kwanza inakupiga kifuani. Massillon wana bendi yao ya swingi, yaani jazi ya kuchezeka, tangu 1938, na inaonekana kwamba mji unaiheshimu sawa na timu, maana hakuna anayeondoka kwenye kiti. Lakini hata bendi ya watoto 40 wa kijijini ina raha yake. Usiku wa baridi, mtoto wa dada yangu huchomoa kile kipande cha kupulizia cha tromboni na kukificha kiganjani ndani ya glavu mpaka zamu yao ifike, kwa sababu chuma baridi huua midomo na sauti inashuka. Ukikaa jirani na bendi utawaona wote wanafanya hivyo, safu nzima ya viganja vilivyofumbwa. Kisha mwalimu anainua mkono, viganja vinafunguka, na wimbo unaanza. Nikimwona mtoto aliyezaliwa Tanga akisimama katikati ya mstari ule, sare imemkaa, hatua zake ziko sawa na za wenzake, najaa fahari ambayo siwezi kuificha.

Niseme pia la uzito. Mchezo huu unaumiza. Vijana zaidi ya milioni 1 wanaucheza mashuleni nchi nzima, na majeraha ya kichwa ni hatari ya kweli. Tangu 2009, Jimbo la Washington lilipotangulia, majimbo yote yametunga sheria za kumlinda mtoto anayehisiwa kutikisika ubongo: hapa kwetu anatolewa, na harudi mchezoni siku hiyo. Nimeona inavyofanyika. Kijana wa timu ya wageni aligongwa akabaki chini, na mara moja wachezaji wote wa pande mbili wakapiga goti moja pale pale walipokuwa. Kelele zote zilikatika. Mama yake alishuka ngazi taratibu, hakukimbia, na wanawake wa upande wetu, waliokuwa wakimzomea mwamuzi dakika moja nyuma, wakampisha na kumshika mkono akipita. Kijana aliondoka kwa miguu yake na majukwaa yote mawili yakampigia makofi. Kabla hujampeleka mwanao kujiandikisha timu, nenda ukaone mchezo kwa macho yako, na umuulize kocha ni nani anayekaa pembeni ya uwanja kwa ajili ya matibabu. Mimi mtoto wa dada yangu nilimwacha kwenye tromboni na niko radhi kabisa.

Upungufu upo, hasa kwenye viwanja vya vijiji. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, maegesho yalikuwa shamba lililovunwa mahindi. Mvua ilinyesha na tulisukumana matopeni hadi karibu saa 5 usiku. Kwingine choo cha wanawake kilikuwa kimoja kwa jukwaa zima la wageni, na mlango haufungi. Mabenchi ya alumini hayana mgongo, na baridi yake hupenya suruali mbili. Beba mto wa kukalia, blanketi, na juu yake jifunge kitenge. Nimeshaulizwa na wengi wapi wanaweza kukipata. Upande wa wageni karibu kila mahali ni duni kuliko wa wenyeji, majukwaa mafupi na vipaza sauti visivyosikika. Hilo linanikera, kwa sababu wageni nao wamelipa.

Chakula ni cha kawaida, ila ujue unalipia nini. Vibanda vingi huendeshwa na wazazi kwa kujitolea, na faida hununua sare za bendi na kulipia mabasi. Hotidogi uliza kwanza, nyingi zina nguruwe. Popkoni, preteli kubwa za chumvi, na chipsi za mahindi zilizomwagiwa jibini la moto hazinipi wasiwasi. Chokoleti ya moto mwezi wa 10 usiikose, hata ikiwa nyembamba. Katika kijiji kimoja mama wa kibandani aliniona nikisita mbele ya orodha, akatoa pakiti ya soseji kutoka kwenye friji ili nisome mwenyewe viungo. Mara iliyofuata nilipofika alikuwa ameshatenga hotidogi za ng'ombe na sufuria yake pembeni. Huduma ya namna hiyo sijaipata kwenye uwanja wowote wa ligi kubwa, ambako kiti kimoja kinaweza kuzidi bei ya tiketi za shule za familia nzima.

Kwa anayeanza, shauri langu ni hili. Septemba nenda kijijini, wakati hali ya hewa bado ni nzuri na watoto wanaweza kucheza nyuma ya goli bila makoti. Fika saa 12 na nusu uone bendi ikitembea kutoka shuleni hadi uwanjani. Oktoba nenda Massillon, ukae upande wa wenyeji karibu na bendi. Ukitaka ile dabi na McKinley, tafuta tiketi mapema na ujue kama mwaka huo inachezwa Massillon au Canton. Mpira ukiisha usikimbilie gari. Wachezaji mara nyingi huja mbele ya bendi yao wakashikana mabega kuimba wimbo wa shule, walioshinda na walioshindwa, na foleni ya magari itakuwepo tu hata ukitoka mapema.